Siku Niliyomshusha Mwalimu Jukwaani

Jumapili, jioni. Mugumu.

Mvua imeanza saa nane mchana nikiwa bado njiani kutoka Nyamongo, na mpaka sasa inanyesha ile ya taratibu, isiyo na dalili ya kukata. Viatu vyenye tope nimeviacha mlangoni. Nimekaa sebuleni, chai imepoa mbele yangu, simu nimeizima. Watu bado wananipigia kunipongeza.

Sijaandika hapa kwa wiki tatu. Labda mnaonisoma mlidhani nimezidiwa na shughuli za baada ya tamasha. Hapana. Nilikuwa naona aibu.

Leo naandika yote.

Kwa asiyenijua: mimi ni mratibu wa umoja wa kwaya za wilaya zetu mbili, Tarime na Serengeti. Siimbi. Kazi yangu ni kuhakikisha wengine wanaimba. Natafuta kibali cha uwanja, napanga ratiba, naomba gari la kubebea wanakwaya, nakaa katikati ya kwaya mbili zilizogombana kwa sababu ya rangi ya sare. Nina mhuri, nina kabati la mafaili, nina kiti kinachozunguka. Nikipita sokoni hapa Mugumu wamama wa kwaya wananiita Mratibu, wengine wamesahau kabisa kwamba jina langu ni Rhobi.

Mtu mmoja tu hajawahi kuniita Mratibu. Mwalimu Mwita.

Mwalimu Mwita ndiye aliyeanzisha kwaya ya kijijini kwetu, Nyakunguru. Ujanani alikuwa mchimbaji mdogo, na baadaye akafanya kazi miaka mingi kwenye karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu ambazo ukisimama karibu nazo huwezi kusikia hata mtu anayekupigia kelele usoni. Mchana karasha, jioni kwaya. Alikuja mazoezini na vumbi la mawe kwenye nyusi, akachukua kipande cha mkaa na kuandika nota kwenye ukuta wa darasa: do, re, mi. Mwalimu mkuu alilalamika mpaka akachoka.

Nilikuwa kidato cha pili aliponiweka sauti ya pili. Nilitaka ya kwanza, kama wasichana wote. Aliniambia sauti ya pili ndiyo inayoshikilia nyumba, watu hawaioni lakini ikitoka paa linashuka. Nilimwamini. Niliimba chini ya mikono yake miaka kumi na miwili.

Halafu nikawa katibu wa kwaya kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Kutoka hapo nikawa katibu wa kata, na mwishowe umoja ukatafuta mratibu wa wilaya zote mbili. Mwalimu Mwita alisimama kwenye mkutano akasema, "Huyu binti ana mpangilio. Mpeni." Wakanipa. Mwaka huo huo niliacha kuimba, maana mratibu hawezi kuonekana anapendelea kwaya moja.

Kwa hiyo kiti ninachokalia, yeye ndiye aliyenikalisha.

Masikio yake yalianza kuondoka polepole. Tuliona wote na hakuna aliyesema. Ukimsalimia kwa nyuma hakugeuka. Kwenye mazoezi alikuwa anaangalia midomo ya waimbaji kwa makini sana, na sisi tukasema, mwalimu siku hizi ana ukali. Mwaka jana, kwenye mazoezi ya kwaya ya pamoja ya wilaya zote mbili, ambayo yeye ndiye aliyekuwa anaiongoza, umeme ulikatika na kinanda kikazima. Sauti ya tatu wakashuka, wakawavuta na wenzao wa nne, wimbo mzima ukaporomoka kama ukuta uliolowa. Mwalimu aliendelea kuongoza. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Wanakwaya watatu walikuja ofisini kwangu baada ya hapo. Hawakuja kwa ubaya, mmoja wao alikuwa analia. Walisema, "Mratibu, tunampenda, lakini tunaharibu."

Tamasha la mwaka huu lilikuwa na uzito wake. Wageni kutoka mkoani walikuwa wanakuja kuchagua kwaya moja ya kwenda Dodoma kuuwakilisha mkoa wetu. Kwaya yetu ya pamoja, watu arobaini waliochaguliwa kutoka vijiji vya wilaya zote mbili, haikuwahi kufika hata karibu na nafasi kama hiyo. Nilifanya uamuzi. Niliamua kwamba kwaya hiyo iongozwe na Neema, mwalimu wa shule ya msingi hapa Mugumu, kijana bado, ana sikio zuri na subira.

Uamuzi ule siujutii. Naandika hivi ili nisijidanganye baadaye. Ulikuwa sahihi.

Ninachojutia ni namna nilivyoufanya.

Kutoka hapa mpaka nyumbani kwa Mwalimu Mwita ni mwendo wa asubuhi moja. Ningepanda gari mpaka Nyamongo, ningechukua bodaboda, ningefika kabla ya chai ya saa nne. Badala yake niliandika barua. Niliandika kwamba umoja "unampumzisha" na "unathamini mchango wake". Nikapiga mhuri. Nikaikunja, nikamkabidhi Mzee Wambura, mwenyekiti wa kwaya ya Nyakunguru, ampelekee.

Wiki iliyofuata nilimuuliza kama amefikisha. Akajibu, "Tayari, Mratibu, kaelewa vizuri kabisa." Nilifurahi. Sikuuliza Mwalimu alisema nini wala uso wake ulikuwaje. Nilifurahi kwamba limekwisha na sikuwepo.

Mzee Wambura hakuipeleka ile barua. Aliiweka kwenye mfuko wa koti akashindwa. Mwalimu alipomuuliza mazoezi ya pamoja ni lini, alimjibu kwamba safari hii tutakutana asubuhi ya siku yenyewe. Wanakwaya wa Nyakunguru waliokuwa wanakuja Mugumu kufanya mazoezi na Neema walidhani mwalimu wao ameshaambiwa, wakanyamaza kwa heshima. Kila mtu alidhani mwenzake amesema.

Siku ya tamasha uwanja ulijaa. Kulikuwa na jua kali, maturubai yamefungwa, wamama wamevaa vitenge vipya, watoto wamepanda juu ya ukuta. Nilikuwa nakimbia huku na huku na orodha mkononi. Kwaya ya pamoja ikaitwa. Wakapanda jukwaani, wakajipanga kwa sauti zao, Neema akasimama mbele.

Nikamwona Mwalimu Mwita anainuka kwenye viti vya wazee.

Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu na tai. Amenyoa vizuri. Alipanda ngazi za jukwaa taratibu, akampa Neema mkono, akamtabasamia kama mtu anayemshukuru mwenzake kwa kumshikia nafasi. Halafu akageukia kwaya, akanyanyua mikono.

Neema alirudi nyuma hatua mbili na kuniangalia. Wanakwaya arobaini wakaniangalia. Wageni wa mkoa walikuwa mstari wa mbele, kalamu mkononi.

Ningeweza kumwacha. Wimbo mmoja ni dakika nne.

Nilipanda jukwaani. Nilimsogelea, nikamnong'oneza, "Mwalimu, shikamoo, naomba tushuke kidogo tuzungumze." Aliweka mkono sikioni. "Eeh?" Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Sema, Rhobi, sikukupata," akasema, bado anatabasamu. Nilihisi muda unakwenda, wageni wanaangalia saa, na ndani yangu nikamkasirikia yeye, yeye ambaye hakuwa na kosa. Nikapaza sauti.

"Mwalimu, husikii! Huwezi kuongoza, husikii!"

Sikuona kwamba maiki ya waimbaji ilikuwa kando ya bega langu.

Maneno yangu yalitoka kwenye spika zote nne. Yalikwenda uwanja mzima, mpaka kwa wauza miwa barabarani. Kulikuwa na vijana nyuma waliocheka, kicheko kimoja kifupi.

Hayo aliyasikia.

Alishusha mikono. Aliniangalia kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoniona. "Kumbe," akasema. Basi. Nilimshika kiwiko nimsaidie kushuka, akautoa mkono wangu, polepole, kidole kimoja kimoja, akashuka peke yake. Mguu wake ulitafuta ngazi ya mwisho mara mbili. Hakurudi kwenye viti vya wazee. Alipita katikati ya watu, watu wakampisha, akatoka.

Neema akaanza. Na waliimba, jamani. Waliimba kama hawajawahi kuimba. Sauti ya kwanza ilikuwa safi, besi imetulia, na wengi wao walikuwa wanalia huku wanaimba, na wageni wakadhani ni hisia za wimbo.

Tulichaguliwa. Tunakwenda Dodoma.

Tangu siku ile ninapokea pongezi. Mwenyekiti wetu wa umoja aliniambia kwamba nilionyesha uongozi, kwamba mwingine angeyumba. Nilimshukuru. Nikaenda chooni ofisini nikakaa huko mpaka nikaweza kutoka.

Wiki ya kwanza sikwenda kumwona. Ya pili vilevile. Nilijiambia nasubiri apoe. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwogopa. Mzee Wambura alikuja kuniomba radhi na barua yangu ikiwa bado imekunjwa, imechakaa kwenye mikunjo. Nilitaka kumfokea. Nilipouona mhuri wangu mwenyewe pale kwenye karatasi, hasira ikaniishia. Nilimtwika mzee wa watu mzigo ambao ulikuwa wangu, naye ukamshinda kama ulivyonishinda mimi. Tofauti yetu ni ipi?

Leo asubuhi nimekwenda.

Mama Gati, mke wake, nilimkuta uani anaanua mihogo iliyokuwa juani, maana wingu lilishaanza kukusanyika. Nilipiga goti nikamsalimia. Aliitikia bila kuniangalia, kisha akanipa upande mmoja wa turubai nishike. Tukaibeba mihogo mpaka ndani, mimi na yeye. Tulipomaliza ndipo alipozungumza.

"Zamani alikuwa anaongoza hata akila," alisema. "Kijiko mkononi, anakwenda hivi, anakwenda hivi. Mpaka namwambia mzee, utamwaga mchuzi. Sasa mikono imekaa tu, Rhobi. Inakaa kwenye magoti kama ya mgeni."

Nilimuuliza kama mwalimu alikuwa anajua kwamba hasikii.

"Ajue mara ngapi? Alijua. Alikuwa anaisoma midomo yenu. Aliniambia, siku nikishindwa hawa watoto wangu wataniambia, hawawezi kuniacha niaibike."

Nilikung'uta vumbi la mihogo mikononi nikazunguka mbele ya nyumba.

Mwalimu alikuwa amekaa barazani, kwenye kiti cha kamba. Amekonda. Alivaa shati la kazini na ndala. Nilimshika miguu, nikamwamkia, akasema marahaba na kunionyesha kiti. Nikaanza maneno niliyoyapanga njia nzima tangu Mugumu. Aliweka mkono sikioni.

"Sogea huku kulia. Na useme kwa nguvu. Kwa nguvu, Rhobi."

Kwa hiyo nilimwomba msamaha kwa kupiga kelele. Sikuwa na namna nyingine. Nilisema nimekosa, nilisema nilikuogopa, nilisema nilituma barua kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kukaa mbele yako, nilisema nimekuvunjia heshima mbele ya watu waliokuheshimu. Nilipaza sauti mpaka koo likauma. Watu waliokuwa wanapita na bodaboda walipunguza mwendo. Mama mmoja wa jirani alisimama na ndoo kichwani akasikiliza mpaka mwisho. Niliacha asikilize.

Kuku walikuwa wanajibanza chini ya ghala, upepo wa mvua umeshafika.

"Ungekuja hapa," Mwalimu alisema. Siku hizi anaongea kwa sauti ya juu, hajipimi tena. "Ungekaa kwenye kiti hicho hicho. Ungeniambia, Mwalimu, imetosha. Mimi ningelia. Wewe ungelia. Halafu ningekubali, maana nilikuwa nimechoka kuangalia midomo. Unajua inavyochosha kuangalia midomo arobaini?"

Nikatikisa kichwa.

"Hujui."

Aliinuka akaingia ndani. Nilidhani amenifukuza kwa namna ya kiungwana na nikaanza kuutafuta mkoba wangu. Akarudi na mfuko wa sandarusi, akautua miguuni pangu. Ndani mlikuwa na madaftari, kumi au zaidi, nyimbo zote alizotunga tangu siku za kuandika ukutani. Mchwa walikuwa wameingia. Kurasa nyingine ziliisha katikati, unasoma sauti ya kwanza na ya pili, chini yake ni vumbi.

"Hizi hazipo popote pengine. Zipo humu na humu," akagusa kichwa chake. "Kalamu unayo?"

Nikasema ninayo.

"Bado nina hasira na wewe. Andika."

Nikaandika. Tulianza na wimbo wa mavuno ambao niliuimba nikiwa msichana, ule uliobaki nusu. Alitaja nota za sauti ya tatu moja moja, bila kusita, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake. "So, so, la, so, mi. Shikilia mi, pigo mbili." Kisha aliimba. Aliyoimba hayakuwa aliyotaja. Sauti yake ilitangatanga, ikashuka pale aliposema ipande, ikapotea kabisa katikati ya mstari. Yeye hakujua. Uso wake ulikuwa umetulia, anauona wimbo ulivyo.

Niliandika alichotaja. Alichoimba nilikiacha kipite, na nilikuwa natazama daftari ili asinione usoni.

Tulipofika sauti ya pili, ambayo mchwa walikuwa wamekula maneno yake, aliniambia niiimbe. Nilimwambia siimbi tena, ni miaka. Akanivutia kiti karibu na sikio lake la kulia akasema, "Imba."

Niliimba. Sauti ilitoka na kutu, ilikatika mara ya kwanza, mara ya pili ikashika. Sijui alisikia kiasi gani. Alikuwa ananiangalia mdomo, na mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa juu ya goti, ulinyanyuka kidogo kwenye pigo la tatu. Mama Gati alikuwa mlangoni. Alirudi ndani haraka.

Tulimaliza nyimbo mbili. Alisema amechoka, nije tena Jumamosi, mapema. Sikumuuliza kama amenisamehe na yeye hakusema. Nilimuaga, nikaubeba ule mzigo wa madaftari kifuani nisije nikaulowesha.

Nilikuwa nimefika kwenye michongoma ya uzio niliposikia anaongea na mkewe. Alidhani anaongea taratibu. Aliongea kiasi cha kusikika mpaka barabarani.

"Sauti yake bado ipo, huyu binti. Aliiachia nini akaenda kukaa ofisini?"

Sikugeuka. Nilisimama pale kidogo mpaka dereva wa bodaboda akanipigia honi.

Njia nzima nimekuwa na swali lile. Nimejaribu kujibu kwamba bila ofisi kusingekuwa na tamasha, wala kwaya ya pamoja, wala Dodoma. Ni kweli yote. Lakini naandika hapa ili niseme kwamba mahali fulani kati ya kuimba na kupanga wanaoimba, nilianza kuwaona watu kama majina kwenye orodha. Jina likisumbua, unalihamisha. Unaandika barua. Unapiga mhuri.

Alhamisi kamati inakutana. Ajenda ya kwanza ni pongezi kwa mratibu, nimeiona kwenye karatasi ya mwaliko. Nitaomba nafasi kabla haijasomwa, na nitawaeleza hivi hivi nilivyoandika, pamoja na barua. Halafu nitasema kwamba kuanzia sasa Jumamosi zangu ni za Nyakunguru mpaka madaftari yale yaishe, na kazi za umoja zitafute siku nyingine. Wakiona hawawezi kuwa na mratibu wa namna hiyo, wachague mwingine. Neema anaweza hata hili.

Mvua imepungua. Nimetandaza madaftari mezani yapate hewa, kurasa zimejaa matundu madogo madogo. Kuna nyimbo humu ambazo sijawahi kuzisikia. Mwalimu ana umri mkubwa na mimi naandika taratibu.

Naogopa hatutafika mwisho. Lakini asubuhi nikiamka, safari hii najua naanzia wapi: kunakili daftari lililoliwa zaidi na mchwa.